Inchi 13 Haziingii Ndani ya 15

Mabishano kuhusu rimu za nakala za Cobra mmeyasikia, na huenda wengine wenu mmeshayalipia. Upande wa pili unazungumza kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Cobra asilia ya Carroll Shelby ilitembea kwa rimu za inchi 15, kwa hiyo nakala yake nayo itembee kwa inchi 15. Breki zikiboreshwa hadi diski za inchi 13, nafasi bado ipo. Nafasi ikikosekana, kuna speisa, kuna tupa, na mwisho wa yote kuna rimu za inchi 17 zinazokubali breki yoyote ile. Hoja hizo nimezisoma moja moja na hesabu zake nimezirudia kwa kalamu. Nitaziweka mezani kama wenyewe wanavyozisema, bila kuzipunguzia nguvu. Kuamua ni kazi yenu wasomaji.

Kwanza tukubaliane gari lenyewe ni lipi. Cobra asilia ilizaliwa mwaka 1962, Shelby alipotia injini ya Ford ya V8 katika gari dogo la AC Cars, kampuni ya Thames Ditton, Uingereza. Toleo la 427 lilifuata mwaka 1965. Magari yote yaliyoundwa wakati ule yalikuwa takriban 1,000, ndiyo maana Cobra nyingi zinazoonekana barabarani Marekani leo ni nakala: fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba, na chini yake vipuri vingi vya Ford Mustang. Factory Five ya Wareham, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni moja ya kampuni zilizoifanya kazi hii iwezekane katika gereji ya nyumbani. Breki zinazoleta ugomvi ni za Mustang Cobra za mwaka 1994 hadi 2004, zenye diski za mbele za inchi 13, yaani milimita 330, na kalipa za PBR za pistoni mbili. Zipo pia seti za Wilwood na washindani wake, ambazo kalipa zake huwa na pistoni nne au sita.

Hoja ya kwanza ni ya hesabu, na inapendwa kuliko zote kwa sababu mtoto wa darasa la tatu anaimudu. Diski ina inchi 13, rimu ina inchi 15. Toa hiki kwa kile, zinabaki inchi mbili, moja kila upande. Milimita 25 na ushee: kalipa itakosaje kupita? Kutoa kwenyewe kumefanywa sawasawa. Kilichokosewa ni vitu vinavyotolewa. Inchi 15 si upana wa tundu la rimu. Ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa, upande wa nje wa rimu, na kwa viwango vinavyotumiwa na watengenezaji kipenyo hicho ni milimita 380.2. Unene wa rimu yenyewe bado haujaondolewa. Tuwape wenzetu rimu nyembamba ya milimita 5, tundu libaki na milimita 370. Hapo hatujafika kwenye mfereji, lile bonde linaloizunguka rimu ambalo bila hilo tairi halivaliki, na ambalo huzama takriban milimita 17 kuelekea katikati. Penye mfereji, kutoka kitovu hadi ukuta wa ndani wa rimu ni milimita 168 tu.

Sasa tugeukie breki. Kutoka kitovu hadi ukingo wa diski ya milimita 330 ni milimita 165. Lakini diski haibanwi na hewa. Juu ya ukingo wake unapita mgongo wa kalipa, ule unaounganisha nusu ya ndani na nusu ya nje, na kati ya mgongo na diski lazima pawe na upenyo. Hapa pia tuwe wakarimu: upenyo wa milimita 3 na mgongo wa milimita 15, ambao kwa kazi ya namna hii ni mwembamba. Jumla ni 183. Linganisheni wenyewe. Penye ukuta bapa wa rimu ya 15 kuna milimita 185, na kalipa inapita kwa milimita 2. Penye mfereji kuna 168, na kalipa inagota kwa milimita 15. Kwa kuwa kalipa ina upana wake na mfereji una upana wake, na vyote viwili vinagombea nafasi ileile ndani ya rimu, zile inchi mbili za hoja zimeyeyuka kabla gurudumu halijafika kwenye bolti.

Endeleeni na hesabu hiyohiyo mpaka mwisho wake. Rimu ya inchi 16 hukaliwa na tairi kwenye kipenyo cha milimita 405.6. Penye mfereji inaacha karibu milimita 181, na kalipa yetu ya 183 bado inagota. Rimu ya 17 ni milimita 436.6, na penye mfereji inaacha 196, yaani milimita 13 za kupumulia. Ford hawakuwa wajinga. Mustang ya kawaida ya mwaka 1994 ilitoka na rimu za inchi 15, lakini Mustang Cobra ya mwaka huohuo, yenye diski za inchi 13, ilitoka na rimu za inchi 17. Wanaotegemea breki za gari hilo wangeanza kwa kutazama rimu zilizokuja nazo kutoka kiwandani.

Hoja ya pili inavaa kanzu ya historia. Cobra za mashindano, wanasema, zilivaa rimu za Halibrand za magnesi, inchi 15, na kwa rimu hizo Shelby akamnyang'anya Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya GT mwaka 1965. Anayeweka inchi 17 analitukana gari. Mambo mengi katika hoja hii ni kweli, na naweza hata kuwaongezea kwamba Cobra za mwanzo zilikuwa na rimu za waya. Tatizo lake ni kwamba inashuhudia dhidi ya aliyeileta. Breki za gari la 1965 zilichaguliwa pamoja na rimu zake, na diski zake zilikuwa za ukubwa unaokubaliwa na inchi 15. Anayetaka rimu za mwaka 1965 na azichukue pamoja na ukubwa wa breki za mwaka 1965. Badala yake, mtu yuleyule anakubali bodi ya faiba mahali pa alumini, anakubali injini yenye kompyuta, anakubali ekseli ya Mustang na kalipa ambazo Shelby wa mwaka 1965 asingezitambua. Historia inaamka usingizini inapofika kwenye rimu tu. Na ubingwa wanaoutaja, kwa sehemu kubwa ulichumwa na Daytona Coupe, gari lenye paa lililochorwa na Peter Brock na kusukumwa na injini ya 289. Nakala nyingi wanazojenga ni za 427 isiyo na paa. Wameazima taji la gari jingine ili kutetea rimu.

Hoja ya tatu hutoka pale ya kwanza inapokufa. Sawa, wanasema, tumeacha 15. Sasa nunua rimu yoyote ya 17, kwa sababu Mustang ilikuwa na diski za inchi 13 ndani ya rimu za 17, na kinachopita kwa mmoja kinapita kwa wote. Nusu ya hoja hii nimeithibitisha mwenyewe hapo juu, na ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Hesabu niliyofanya ni ya kwenda juu tu, kutoka kitovu kuelekea ukuta wa rimu. Kalipa ina upande wa pili wa kugongea: uso wake wa nje, unaotazamana na migongo ya spoki. Huko kipenyo cha rimu hakisaidii hata chembe. Rimu mbili za inchi 17, upana mmoja wa inchi 9, ofseti moja ya milimita 24, zinaweza kutofautiana kabisa. Spoki za moja zikapinda kwenda nje na kuiachia kalipa nafasi, za nyingine zikashuka wima kutoka ukingoni hadi kwenye habu na kuikalia kalipa usoni. Ofseti inakuambia bamba la kufungia liko umbali gani kutoka katikati ya rimu. Haikuambii spoki zimepinda vipi nyuma ya bamba hilo.

Wasomaji wa Nairobi wana ushahidi wa jambo hili mtaani kwao. Subaru Impreza WRX STI yenye kalipa za Brembo mbele haikubali rimu za 16, hilo linajulikana. Lakini wapo waliokwenda kununua 17 za gari jingine, matundu ya bolti yakalingana, ofseti ikakaribiana, na gurudumu likakataa kukaa kwa sababu spoki ziligusa kalipa. Inchi zilitosha, umbo la spoki halikutosha.

Kwa nakala ya Cobra jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, rimu zinazoiga Halibrand kwa kawaida zina uso bapa na ukingo mrefu wa nje. Huo ukingo ndio uzuri wake, lakini maana yake ni kwamba uso wa rimu umesukumwa ndani, karibu na breki. Pili, wanaosema rimu fulani inapita juu ya inchi 13 mara nyingi walipima kwa kalipa ya PBR. Hiyo ni kalipa ya kuteleza, pistoni zake zote ziko upande wa ndani wa gari, na nusu yake ya nje ni kucha inayovuta pedi. Kalipa isiyoteleza ya pistoni nne au sita ina pistoni pande zote mbili, na zile za nje zinahitaji nyumba yao, nayo inatokeza kuelekea spoki. Diski ni ileile ya inchi 13. Kinachotokeza si kilekile. Aliyepima ya kwanza akatoa hukumu juu ya ile ya pili ametoa ushahidi wa kalipa ambayo hakuipima.

Wakibanwa hapo, wanatoa dawa: kalipa ikigusa spoki, weka speisa ya milimita 10 kati ya habu na rimu, mambo yamekwisha. Niwatendee haki. Speisa si haramu. Iliyochongwa vizuri, inayokaa barabara kwenye kitovu cha habu, na kufungwa kwa bolti ndefu zaidi, ni kipuri halali na hutumika hata katika magari ya mbio. Lakini hoja haisemi hivyo. Inasema speisa, na juu ya bolti inanyamaza. Bolti za habu ya Mustang za miaka hiyo ni za nusu inchi, zenye meno 20 kwa kila inchi. Kanuni ya kawaida ya ufundi inataka nati iingie angalau urefu ulio sawa na kipenyo cha bolti, na hapa hiyo ni mizunguko 10. Speisa ya milimita 10 inameza karibu mizunguko minane. Kama bolti yako ilikuwa na mizunguko 12 ya kutumia, sasa gurudumu la mbele la gari lenye V8 limeshikiliwa na mizunguko minne.

Halafu kuna jiometria. Speisa inalisogeza tairi nje milimita 10 kila upande, kuelekea ukingo wa madigadi, na kwa mbele inaongeza umbali kati ya mhimili wa usukani na katikati ya tairi, kiasi kwamba kila shimo unalolikanyaga unalisikia mikononi. Mfereji wa rimu nao unasogea. Kwa rimu moja unaikimbia kalipa, kwa nyingine unakuja kukaa juu yake, na speisa iliyoponya spoki inafungua jeraha kwenye ukuta. Angalieni pia jinsi hoja hii inavyojikanyaga. Wale waliokataa rimu za 17 kwa sababu zingeharibu sura ya gari ndio wanaopendekeza kifaa kitakachotokeza tairi nje ya bodi.

Hoja ya tupa sitaipa muda mrefu. Wanasema kalipa imezidi kwa milimita mbili tu, ipunguze kidogo, chuma kipo cha kutosha. Ipo kweli mistari ya kalibu na nembo zilizochomoza ambazo hazibebi kitu, na kuzisawazisha hakuleti msiba. Lakini milimita mbili zinazotafutwa mara nyingi ziko kwenye mgongo wa kalipa, na mgongo ndio unaobeba kazi yote. Chukueni kalipa yenye pistoni mbili za milimita 38 na shinikizo la bar 70 kwenye mafuta ya breki. Pistoni zinasukuma kwa nguvu ya takriban tani 1.6, na nguvu hiyo hiyo ndiyo inayojaribu kuufumbua mgongo kila unapokanyaga. Mgongo uliopunguzwa hunepa zaidi, na mnepo unaonekana kwenye pedali inayozama. Mtu amenunua breki kubwa ili apate pedali ngumu, kisha anaisaga ili ipate kulegea.

Hoja ya kipimo cha mkono ni ya watu waangalifu zaidi, na naiheshimu kidogo. Wanasema usibishane na michoro: funga gurudumu, inua gari, lizungushe kwa mkono. Lisipogusa, limepita. Nakubali kwamba lisipozunguka halifai. Hata hivyo, gurudumu la gari lililoinuliwa halibebi kitu. Barabarani, kwenye kona kali, rimu hunepa na beringi hucheza, na vyote viwili vinaelekea kulekule kwenye upenyo uliokuwa na unene wa karatasi. Diski na kalipa zikipata joto hutanuka. Vipande vya kubalansi vya kubandika, fundi akivibandika ndani ya rimu mkabala wa kalipa, vinakula milimita kadhaa ambazo hazikuwepo siku ya kuzungusha. Kwa sababu hizo, watengenezaji wa breki hutaka upenyo wa takriban milimita 2 kwa uchache, na fundi mwenye busara hutafuta 3.

Kuna tundu jingine ambalo sijawahi kuwasikia wakilitaja. Kalipa ya kuteleza haikai mahali pamoja maisha yake yote. Pedi zinavyokwisha, mwili wa kalipa hujivuta kuelekea ndani ya gari, mbali na spoki. Pedi zikiwa mpya, mwili huo uko nje kabisa, karibu na spoki kuliko wakati wowote. Aliyepima na pedi zilizokwisha, au bila pedi kabisa kwa sababu gari bado linajengwa, amepima nafasi atakayoipoteza siku atakapovalisha pedi mpya. Kipimo cha haki kinataka pedi mpya, nati zilizokazwa kwa nguvu iliyoagizwa, na vipande vya udongo wa kuchezea watoto vilivyobandikwa juu ya kalipa na kwenye uso wake. Unafunga gurudumu, unalizungusha, unalitoa, unakata udongo na kupima unene uliobaki. Ni kazi ya robo saa, na inajibu swali ambalo mkono mtupu hauwezi kulijibu: imepita kwa kiasi gani?

Tumefika kwenye hoja iliyo mama wa zote. Hata wanaokubali kwamba inchi 13 ni mzigo huuliza: si usalama wa roho? Diski kubwa inasimamisha gari kwa umbali mfupi zaidi, na kwa hilo rimu yoyote inastahili kutafutwa. Hii inasikika kama jambo lisilobishaniwa, kwa hiyo tuende polepole. Gari husimamishwa na msuguano kati ya tairi na lami. Breki yenye uwezo wa kufunga gurudumu tayari imefika mwisho wa kile tairi linachoweza kutoa. Ukiiongezea nguvu, gurudumu linafunga mapema zaidi, na gari linasimama palepale. Kwa tairi linaloweza kupunguza mwendo kwa kiasi cha nguvu ya mvutano wa dunia, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linasimama kwa takriban mita 39. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika kipenyo cha diski. Mahali pa tairi papo.

Diski kubwa ina faida ya kweli, nayo ni joto. Ina chuma kingi zaidi cha kulimeza na eneo kubwa zaidi la kulitoa, kwa hiyo breki haichoki baada ya kukanyagwa mara kumi mfululizo kwenye uwanja wa mbio. Pimeni basi joto lenyewe. Mustang Cobra ya miaka ya tisini ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,550. Nakala ya Cobra huwa karibu na kilo 1,050. Kutoka kilomita 160 kwa saa hadi kusimama, Mustang inamwaga megajuli 1.5 kwenye breki zake, na nakala inamwaga 1.04. Diski za inchi 13 zilipimwa kwa gari linaloleta karibu nusu ya joto zaidi. Anayekimbiza nakala yake uwanjani kila mwisho wa wiki ana sababu ya kuzitaka, na sitamzuia. Anayeitoa Jumapili kwenda kunywa kahawa amenunua tangi la maji la kijiji kwa ajili ya birika moja.

Zaidi ya hapo, breki hugawanywa kati ya mbele na nyuma. Mustang ile hubeba takriban asilimia 57 ya uzito wake mbele, wakati nakala ya Cobra, yenye injini iliyorudishwa nyuma, hukaribia nusu kwa nusu. Ukivalisha diski za 13 mbele na kuacha za nyuma zilivyo, magurudumu ya mbele yatafunga wakati ya nyuma bado yana kazi ambayo hayakupewa. Umbali wa kusimama unaweza kurefuka. Mjenzi mwenye masta silinda mbili na fito ya kugawa nguvu anaweza kurekebisha hilo, lakini hoja tuliyoisikia haikuwa na neno hata moja kuhusu nyuma.

Na hapa ndipo wanapojikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Wanataka diski kubwa ili wasimame mapema. Wanataka pia rimu za inchi 15. Matairi mapana ya inchi 15 yaliyobaki sokoni mengi ni ya aina mbili: yanayoiga sura ya zamani, au ya kawaida yenye mpira mgumu wa kudumu. Matairi ya barabarani yenye mpira wa kisasa unaong'ang'ania lami yamehamia inchi 17, 18 na zaidi, na huko ndiko kuna uchaguzi. Kwa hiyo mtu analipia breki ya kusimama mapema, kisha anachagua tairi la kusimama kwa kuchelewa, na ni tairi ndilo lenye neno la mwisho. Kama umbali wa kusimama ndio hoja, mwenye diski za inchi 11 na matairi mazuri ya 17 atamwacha nyuma mwenye diski za 13 na mpira mgumu.

Imebaki hoja ya sura, na hii sitaivunja kwa sababu iko sahihi. Cobra iliyovaa 15 ina ukuta mrefu wa tairi unaojaza tundu la bodi. Tairi la 275/60R15 lina kimo cha milimita 711. Tairi la 275/40R17, linalofaa rimu pana ya nakala, lina 652. Tofauti ni karibu sentimita sita, na jicho linaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Wanaojibu kwamba kuna matairi ya 17 yenye ukuta mrefu hawajasoma yameandikwa nini ubavuni. Mengi ni ya pikapu na SUV. Anayelipenda gari lake kwa sura ile ya 1965 hana haja ya kuomba radhi kwa mtu.

Ila achague na breki zinazolingana na mapenzi hayo. Diski ya inchi 11 pamoja na kalipa yake, kwa vipimo vile vile vya ukarimu, inafika milimita 158 kutoka kitovu. Rimu ya 15 penye mfereji ina 168, nafasi ya milimita 10. Diski ya inchi 12 yenye kalipa nyembamba inafika karibu 170, kwa hiyo inapita katika zile rimu za 15 ambazo mfereji wake umewekwa mbali na kalipa. Kwa gari la kilo 1,050 linalotembea barabarani, breki hizo si za kimaskini. Anayetaka 13 aende 17, apime na spoki. Njia ya tatu, ya kupata sura ya 15 na diski za 13 kwa pamoja, vipimo vimeikataa, na wanaoendelea kuiuza hawajaonyesha kipimo kimoja kinachoikubali.

Wamebaki na kauli moja ya kujitetea: rimu ikikataa, si utairudisha dukani? Ijaribu ukiwa umeshavalisha tairi, nati zimeacha alama kwenye rangi na kalipa imekwaruza spoki. Wilwood huchapisha michoro ya kalipa zake kwa ukubwa halisi. Unaichapa bila kuipunguza, unaibandika kwenye ubao mwembamba, unaikata na kuisimamisha ndani ya rimu tupu kabla hujatoa pesa. Muuzaji wa breki nyingine mwombe mchoro kama huo. Asipokuwa nao, mwambie muuzaji wa rimu akuazime moja isiyo na tairi uende nayo kwenye gari lako. Akikataa na hilo, usimlipe.